Jinsi ya kusoma matokeo ya mtihani mpya wa jimbo: mwongozo kwa wazazi wenye watoto katika shule za Marekani

Matokeo yametoka. Gazeti la mji linasema waliofaulu hisabati wameshuka kutoka asilimia 61 mwaka jana hadi 43 mwaka huu, na kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya mtu ameshaandika kwamba wilaya yetu ya shule imeoza, bora tuhame. Huenda imeoza kweli. Lakini kama mtihani wa mwaka huu ni mpya, tarakimu hizo mbili hazikupimwa kwa rula moja, na ukitoa moja kwenye nyingine hupati kitu chenye maana. Mwongozo huu ni wa mzazi aliye tayari kukaa na karatasi ya matokeo kwa saa moja, mwenye kalamu na kikokotoo cha simu.

Mtihani huu unampima nani

Aliyekulia kwenye mitihani ya NECTA, KCSE au Examen d'État ya Kongo anaujua mtihani kama mlango: ukipita unaendelea, ukikwama unabaki nje. Mtihani wa jimbo wa Marekani kwa sehemu kubwa si mlango, ni kipimo cha shule. Sheria ya shirikisho iitwayo ESSA, iliyosainiwa Desemba 2015, inalitaka kila jimbo lipime kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, kisha mara moja sekondari. Sayansi hupimwa angalau mara tatu katika maisha ya mtoto shuleni. Sheria haisemi mtihani uwe upi wala mstari wa kufaulu uwe wapi. Hayo huamuliwa na jimbo. Ndiyo maana neno "amefaulu" halina maana moja kutoka jimbo hadi jimbo, na mtoto anaweza kufaulu upande huu wa mpaka na kuanguka upande wa pili bila kusahau hata hesabu moja.

Mlango upo mahali pachache, nawe ni muhimu uyajue ya jimbo lako. Texas inamtaka mwanafunzi wa sekondari apite mitihani mitano ya mwisho wa somo ili ahitimu. Mississippi na Tennessee zina sheria zinazoweza kumrudisha mtoto darasa la 3 kwa sababu ya kusoma. Massachusetts, kwa upande mwingine, wapiga kura waliuondoa mtihani wa MCAS kama sharti la kuhitimu mnamo Novemba 2024. Muulize mwalimu swali moja la moja kwa moja: "Je, alama hii inaweza kumzuia mwanangu kupanda darasa au kuhitimu?" Jibu likiwa hapana, punguza wasiwasi wa nyumbani, na nguvu hiyo uipeleke kwenye kuiuliza wilaya.

Kwanza tafuta kipya ni kitu gani

Wakisema "mtihani mpya", wanaweza kumaanisha mambo manne, na mara nyingi yanakuja pamoja: mtaala unaopimwa umebadilika, aina ya maswali imebadilika, kwa mfano kutoka kuchagua jibu hadi kuandika, au kutoka karatasi hadi kompyuta, mstari wa kufaulu umesogezwa, au majina ya viwango yamebadilishwa. Kila badiliko lina alama yake kwenye takwimu.

Mtaala na mstari vikipanda pamoja, jimbo zima huanguka siku moja. New York walifanya hivyo mwaka 2013. Mwaka 2012 asilimia 55 ya watoto wa darasa la 3 hadi la 8 walikuwa wamefika kiwango katika Kiingereza na 65 katika hisabati. Mwaka uliofuata ilikuwa 31 kwa kila somo. Watoto hawakupoteza nusu ya akili zao kwa majira ya joto mamoja, mstari ulipandishwa. Mstari ukishushwa hutokea kinyume chake. Oklahoma, mwaka 2024, kusoma kwa darasa la 3 kulionekana kupanda kwa zaidi ya pointi 20, na sehemu kubwa ya mpando huo ilitokana na mstari kusogezwa chini. Wilaya iliyosherehekea siku ile ilisherehekea kazi ya kamati iliyoweka mstari.

Kamati hiyo si siri, na ni vizuri ujue inavyofanya kazi. Kwa njia inayotumika sana, walimu wanapewa kijitabu chenye maswali yaliyopangwa kutoka jepesi hadi gumu. Kila mmoja anafikiria mtoto anayestahili kufika kiwango kwa tabutabu, kisha anaweka alama kwenye swali la mwisho ambalo mtoto huyo angekuwa na nafasi kama mbili kati ya tatu ya kulipata. Wanajadiliana, wanarudia, na mapendekezo yao huenda kwa wakuu wa elimu wa jimbo kuidhinishwa. Kwa hiyo mstari ni hukumu ya watu wenye ujuzi, nao unaweza kuwekwa juu au chini kidogo bila yeyote kudanganya.

Badiliko la kompyuta nalo lina athari yake. Majimbo yalipohamia mitihani ya kompyuta miaka ya 2015 na 2016, watoto waliofanya kwa kompyuta walipata chini ya wenzao wa uwezo uleule waliofanya kwa karatasi, zaidi katika Kiingereza kuliko hisabati, na pengo likapungua mwaka wa pili. Mtoto anayeandika insha kwa vidole viwili anapimwa pia uchapaji. Wilaya yenu ikiwa imehamia kompyuta mwaka huu, waulize watoto walifanya mazoezi kwenye kifaa kilekile kwa wiki ngapi.

Texas ilibadilisha mtihani wake, STAAR, mwaka 2023: karibu wote kwenye kompyuta, maswali ya kuchagua yasizidi asilimia 75 ya pointi, na insha katika kila darasa kuanzia la 3. Tangu Desemba 2023 majibu ya kuandika husahihishwa na kompyuta kwanza, na sehemu tu hupitiwa na binadamu. Mtoto anayeandika vizuri shuleni akiletewa sifuri kwenye insha, usikubali kimya. Omba shule ikuonyeshe jibu lake, nawe una haki ya kuuliza kuhusu kusahihishwa upya.

Alama si asilimia

Hapa ndipo wengi wanapotelea. Kwenye MCAS mpya ya Massachusetts, iliyoanza 2017 kwa darasa la 3 hadi la 8, alama zinaanzia 440 na kuishia 560. Mtoto mwenye 480 hakupata 480 kati ya 560, yaani asilimia 86. Skeli inaanzia 440, kwa hiyo hata aliyekosa kila kitu anayo 440. Mgawanyo uko hivi: 440 hadi 469 hajafika, 470 hadi 499 amefika kwa sehemu, 500 hadi 529 amefika, 530 hadi 560 amezidi. Mwenye 480 yuko kwenye kundi la pili kutoka chini.

Skeli ya zamani ya MCAS ilikuwa 200 hadi 280, na 240 ilihesabika umahiri. Mtoto aliyepata 246 mwaka 2016 na 492 mwaka 2017 hakuongeza alama mara mbili. Kwa kweli alitoka juu ya mstari wa zamani akaangukia chini ya mstari mpya, kama walivyofanya watoto wengi sana mwaka ule: karibu nusu tu ya jimbo zima ndiyo iliyofika 500.

Kuna skeli za aina nyingine, ambazo rula ni moja toka darasa la 3 kwenda juu. Smarter Balanced, inayotumika California na Washington miongoni mwa majimbo mengine, iko hivyo. Kwa Kiingereza, mstari wa darasa la 3 ni 2432, darasa la 4 ni 2473, darasa la 5 ni 2502. Mtoto aliyepata 2440 darasa la 3 alivuka. Mwaka uliofuata akipata 2465, amejifunza pointi 25 za kweli, lakini mstari umepanda pointi 41, kwa hiyo karatasi itasema ameshuka kiwango. Mzazi anayesoma jina la kiwango peke yake atamkaripia mtoto aliyepiga hatua. Soma tarakimu kwanza, jina baadaye. Na ujue skeli yako ni ya aina gani: ya Massachusetts inaanza upya kila darasa, 500 ya darasa la 4 na 500 ya darasa la 5 si mahali pamoja.

Kando ya alama ya mtoto mara nyingi huchorwa mstari mdogo unaoonyesha masafa. Maana yake ni kwamba angefanya mtihani mwingine wa ugumu uleule wiki ileile, alama ingeweza kuangukia popote humo. Mtoto mwenye 497 na mwenye 502 huenda hawana tofauti yoyote. Sehemu ndogo za karatasi, kama "jiometri" au "msamiati", zina udhaifu zaidi, kwa sababu pengine zimetokana na maswali matano au sita. Usiajiri mwalimu wa ziada wa jiometri kwa ajili ya maswali matano.

Mstari upi umeitwa kufaulu

Sasa tuende kwenye wilaya. Unapoona asilimia yoyote, uliza kwanza ni asilimia ya waliovuka mstari upi. Texas ina viwango vinne: Did Not Meet (hajafika), Approaches (anakaribia), Meets (amefika) na Masters (amebobea). Mtihani wa sekondari unapita ukifika Approaches, lakini kiwango cha darasa lenyewe ni Meets. Wilaya moja ikitangaza Approaches na jirani yake ikatangaza Meets, ya kwanza itaonekana bora kwa makumi ya pointi hata kama watoto ni sawa. Wilaya nyingi hutaja tarakimu kubwa kwenye tangazo na kuiacha ndogo kwenye jedwali. Lifungue jedwali. Kila jimbo linalazimika kuweka matokeo ya kila shule na wilaya hadharani: Texas ni TXschools.gov, New York ni data.nysed.gov, Massachusetts ni profiles.doe.mass.edu. Kwingineko, andika jina la jimbo na "school report card" kwenye kivinjari, na uhakikishe ukurasa ni wa serikali. Kurasa za kuuza nyumba hutoa shule alama kati ya kumi kwa kanuni zao wenyewe, hazifai kazi hii.

Nani alifanya mtihani

Tafuta safu ya ushiriki. Sheria inataka asilimia 95 wafanye. Chini ya hapo, kuwa mwangalifu, kwa sababu wanaokosa hawakosi kwa bahati nasibu. New York mwaka 2015 karibu mtoto mmoja kati ya watano wa darasa la 3 hadi la 8 alizuiwa na wazazi wake kufanya, na katika baadhi ya wilaya walibaki wachache tu.

Hapo ndipo tarakimu mbili tofauti za wilaya ileile zinapozaliwa. Tuseme watoto 1,000 walistahili, 800 wakafanya, 400 wakafika kiwango. Ukigawanya kwa waliofanya unapata asilimia 50. Lakini kwenye hesabu ya uwajibikaji, ile ambayo jimbo hutumia kuzipima shule, sheria hairuhusu kigawanyo kishuke chini ya asilimia 95 ya wanaostahili, kwa hiyo 400 hugawanywa kwa 950 na kutoa 42. Zote mbili ni halali. Ukimsikia mkuu wa wilaya akisema 50 na gazeti likisema 42, usikimbilie kumwita yeyote mwongo. Uliza kigawanyo ni kipi.

Hesabu vichwa kabla ya kushtuka

Asilimia inaficha idadi. Shule yenye watoto 50 wa darasa la 5, kila mtoto ni pointi mbili. Kupanda kutoka 44 hadi 50 ni watoto watatu. Watatu hao wanaweza kuwa familia moja iliyohamia kutoka mji wa jirani.

Kuna kanuni ya jikoni inayotosha kwa mzazi. Chukua 140, uigawanye kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watoto waliofanya mtihani. Jibu ni pointi ambazo matokeo yanaweza kucheza kati ya mwaka na mwaka kwa sababu tu kundi la watoto ni lingine. Watoto 25: pointi 28. Watoto 100: pointi 14. Watoto 400: pointi 7. Watoto 1,600: pointi 3.5. Badiliko lililo chini ya hapo huwezi kulijengea hoja. Shule moja ya msingi, darasa moja, mwaka mmoja, karibu kila mara haifiki. Wilaya kubwa, madarasa yote pamoja, inafika. Ukitaka kuisema shule ndogo kwa haki, unganisha miaka mitatu.

Majimbo mengi huficha kundi lenye watoto chini ya 10 kwa nyota au kwa nafasi tupu, ili mtoto asitambulike. Nyota si sifuri.

Makundi, na lawama inayotupwa kwa wageni

Hili tunaomba ulisome mara mbili, kwa sababu ni hapa watoto wetu wanapolaumiwa bila haki. Sheria inataka matokeo yagawanywe kwa makundi: rangi na asili, familia za kipato kidogo, wenye ulemavu, na wanaojifunza Kiingereza. Jumla ya wilaya inaweza kushuka huku kila kundi likipanda. Fanya hesabu mwenyewe:

Mwaka wa kwanza, wilaya ina watoto 800 wanaojua Kiingereza, asilimia 60 wamefika kiwango, yaani 480. Ina 200 wanaojifunza Kiingereza, asilimia 20 wamefika, yaani 40. Jumla 520 kati ya 1,000, asilimia 52.

Mwaka wa pili wanaojua Kiingereza ni 600, asilimia 62 wamefika: 372. Wanaojifunza ni 400, asilimia 24 wamefika: 96. Jumla 468 kati ya 1,000, asilimia 47.

Makundi yote mawili yamepanda. Walimu wamefanya kazi nzuri kwa wote. Jumla imeshuka pointi tano kwa sababu mchanganyiko wa watoto umebadilika, na kichwa cha habari kitasema shule zinadidimia tangu wakimbizi waje. Miji kama Lewiston, Abilene na Dayton, iliyopokea familia nyingi kutoka Kongo na nchi jirani, ni lazima isome jedwali la makundi kabla ya kusoma jumla. Ukisimama kwenye mkutano wa bodi ya shule, hesabu hii ndiyo silaha yako bora. Ichapishe ukiwa na tarakimu halisi za wilaya yenu.

Kundi la wanaojifunza Kiingereza lina tatizo jingine la kimuundo. Mtoto akishakijua Kiingereza hutolewa kwenye kundi, na anayeingia ni mgeni wa juzi. Kwa hiyo kundi haliwezi kuonekana zuri hata shule ikifanya miujiza, kama vile wodi ya hospitali haiwezi kuonyesha watu wenye afya kwa kuwa wanaopona hurudishwa nyumbani. ESSA inaruhusu majimbo kuendelea kuwahesabu waliotoka kwenye kundi kwa hadi miaka minne. Uliza kama jedwali lenu limewajumuisha, na omba safu ya "waliowahi kujifunza Kiingereza" peke yao. Mara nyingi hao ndio wanaoonyesha kama programu inafanya kazi.

Na usichanganye karatasi mbili. Mtoto anayejifunza Kiingereza hufanya pia mtihani wa lugha kila mwaka: ACCESS katika majimbo mengi, TELPAS huko Texas. Huo unapima maendeleo ya Kiingereza, na ndio unaotumika katika kuamua atatoka lini kwenye programu. Wa jimbo unapima masomo. Kwa mgeni aliyefika chini ya miezi 12 iliyopita, jimbo linaweza kumsamehe mtihani mmoja wa kusoma, lakini hisabati atafanya. Katika majimbo mengi anaruhusiwa pia kamusi ya neno kwa neno, isiyo na maelezo ya maana. Kiswahili kina kamusi za namna hiyo; tatizo ni kwamba shule husahau kuiagiza. Mkumbushe mwalimu mapema, Januari au Februari, maana mitihani ni ya machipuko, na kamusi mpya mikononi mwa mtoto siku ya mtihani haimsaidii. Lazima awe ameitumia darasani.

Ukuaji

Asilimia ya waliofaulu inakuambia zaidi kuhusu watoto waliingiaje kuliko kuhusu walichofundishwa. Wastani wa alama wa wilaya za Marekani unafuata kipato cha wazazi kwa ukaribu unaosikitisha. Ndiyo maana sisi tunaamini safu ya ukuaji ndiyo ya kwanza kusomwa na mzazi anayetaka kujua kama shule inafundisha.

Majimbo mengi hutumia njia hii: mtoto analinganishwa na watoto wa jimbo zima waliokuwa na alama kama zake miaka iliyopita, kisha anapewa nafasi kati ya 1 na 99. Mwenye 70 amewazidi asilimia 70 ya wenzake waliotoka mahali pamoja naye. Wastani wa wilaya wa 50 ni wa kawaida. Massachusetts huchukulia kati ya 40 na 60 kuwa kawaida. Shule yenye asilimia 30 ya waliofika kiwango na ukuaji wa 62 inafundisha. Shule yenye asilimia 80 na ukuaji wa 38 inaishi kwa jitihada za nyumbani kwa watoto.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hata mwaka wa mtihani mpya bado inafanya kazi, kwa sababu hailinganishi alama za rula mbili, inalinganisha foleni: nani alikuwa mbele ya nani zamani na sasa. Upungufu wake ni huu: darasa la 3 halina ukuaji, kwa kuwa hakuna mtihani wa nyuma, na mtoto aliyekuja mwaka huu kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma naye hana. Wilaya yenye wageni wengi, tarakimu ya ukuaji inaeleza sehemu tu ya watoto wake. Uliza ni wangapi wamehesabiwa.

Kulinganisha na zamani, inavyowezekana

Huwezi kutoa 43 kwenye 61. Lakini unaweza kufanya mambo mawili. Kwanza, tazama jimbo lilienda wapi mwaka uleule. Jimbo likitoka 60 likafika 40, na wilaya yenu ikatoka 61 ikafika 43, wilaya imejisogeza mbele kidogo: ilikuwa juu ya jimbo kwa pointi moja, sasa kwa tatu. Pengo la namna hii lina hila yake, kwa kuwa hubadilika kulingana na mstari ulipo hata kama watoto hawajabadilika. Kwa hiyo fanya na la pili: panga wilaya zote za jimbo kutoka juu hadi chini mwaka wa zamani na mwaka mpya, uone yenu ilikuwa ya ngapi na imekuwa ya ngapi. Faili la jimbo hufunguka kwenye programu yoyote ya majedwali, na kazi nzima haizidi dakika kumi. Nafasi ikihama kidogo tu kati ya mamia ya wilaya, hakuna habari. Ikihama makumi, ipo.

Ukitaka rula isiyohama, kuna NAEP, mtihani wa taifa unaofanywa na sampuli ya watoto wa darasa la 4 na la 8. Unatoa tarakimu za majimbo na za wilaya kubwa chache za mijini, si za wilaya yako kama ni ndogo. Onyo moja: kiwango cha "Proficient" cha NAEP ni cha juu na hakimaanishi kiwango cha darasa, kwa hiyo mtu akikuambia theluthi mbili ya watoto hawajui kusoma kwa kutaja NAEP, amekosea kusoma. Kwa wilaya moja moja, Chuo Kikuu cha Stanford kimeunganisha mitihani ya majimbo yote kwenye skeli moja, bure, kwenye edopportunity.org. Ramani yake inatenganisha wastani na ukuaji, jambo ambalo kurasa nyingi za majimbo hazifanyi vizuri.

Siku ya mkutano

Bodi ya shule huzungumzia matokeo kati ya Agosti na Novemba, ajenda hutoka siku chache kabla. Anayetaka kusema hujiandikisha, na kwa kawaida hupewa dakika mbili au tatu. Usizitumie kulalamika kuhusu asilimia. Uliza vitu ambavyo lazima vijibiwe kwa tarakimu: Mstari upi umetumika kwenye tangazo lenu? Waliofanya walikuwa asilimia ngapi, kwa kila shule? Ukuaji wa watoto wanaojifunza Kiingereza ni ngapi, na wa waliowahi kujifunza? Ni mada zipi ambazo watoto wetu walikosa kuliko watoto wa jimbo, na nani atazifundisha upya, lini? Swali la mwisho ndilo lenye faida zaidi. Wilaya huwa na ripoti ya swali kwa swali ambayo haionyeshwi wazazi mpaka iombwe, na humo unaweza kukuta, kwa mfano, kwamba watoto wa darasa la 4 katika shule tatu walikwama kwenye hesabu za sehemu zenye vigawanyo tofauti. Hilo linarekebishika kwa wiki chache.

Mkalimani ni haki yako, si hisani. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 na ESSA zote zinaitaka shule iwasiliane na mzazi kwa lugha anayoielewa, kadiri inavyowezekana. Omba kwa maandishi, angalau wiki moja kabla, na utaje Kiswahili cha wapi, maana mkalimani wa Nairobi na mzazi wa Bukavu hupishana kwa maneno ya shule. Usimtumie mwanao kutafsiri matokeo yake mwenyewe.

Karatasi za kila mwaka ziweke kwenye jalada moja. Texas imeshapitisha sheria ya kuiondoa STAAR na kuweka mitihani mitatu mifupi kwa mwaka kuanzia mwaka wa masomo 2027-28, na siku hiyo mtoto aliyeko darasa la 3 leo atahitaji mtu mwenye karatasi za zamani kumwonyesha mwalimu mpya alianzia wapi.